Sare Tatu za Jaji

Mimi ni fundi wa sare za shule, na nasema wazi tangu mwanzo: haya ninayoyasimulia niliyafanya kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu. Kama kuna mtu anataka kunilaumu, apange foleni nyuma ya kaka yangu.

Kibanda changu kimebanwa kati ya kinyozi na duka la madaftari. Ndani kuna cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, meza ya kukatia, kioo kilichopasuka pembeni, na kamba ndefu ninayotundikia sare zilizo tayari. Nimekaa humo miaka kumi na tisa. Watu wakitaka kujua shule fulani ikoje, huuliza matokeo ya mtihani au huuliza majirani, ambao hawajui kitu. Wangeniuliza mimi. Sketi ya shule ya serikali huisha makalioni, kwa sababu watoto wanabanana watano kwenye benchi ambalo halijawahi kupigwa randa. Sweta ya shule binafsi haiishi popote, ila kila baada ya miaka miwili wenyewe wanabadili rangi ya ukosi ili mzazi ashone upya. Gauni la shule ya bweni huisha magotini, kwa kupiga deki, na mifuko yake nimeamriwa niizibe ili wasichana wasifiche mikate. Ndani ya ukosi nashona namba. Kule mtoto ni namba kwanza, jina baadaye.

Basi, chanzo cha mambo yote ni binti wa kaka yangu. Tunamwita Jaji. Alipata jina hilo akiwa na miaka minne, maana wakubwa wakigombana yeye alikaa kidevu mkononi akisikiliza, halafu akatoa hukumu, na kila hukumu na sababu zake tatu, akizihesabu kwa vidole. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Kaka yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo, kesho yuko mpakani anasubiri karatasi. Kwa hiyo Jaji nimemlea mimi. Sina mume wala mtoto mwingine. Jioni nikishona, yeye hukaa chini ya meza ya kukatia akiokota pini kwa sumaku na kunihukumia wateja wangu wote waliopita siku hiyo.

Mpaka mwaka huo alikuwa akisoma barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu, watoto kumi na wanne, ubao mmoja, hakuna sare. Ilikuwa shule nzuri, ingawa mimi haikuniletea hata kifungo. Kisha magoti ya yule mwalimu yakagoma, binti yake akaja kumchukua, na baraza likafungwa. Jaji alikuwa na miaka kumi na hana shule.

Kaka akaja na fomu tatu. Akazipanga juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha watu.

"Hii ya serikali, hii binafsi, hii ya bweni," akasema. "Mimi nasema bweni."

"Bweni ya nini? Mtoto ana kwao."

"Dada, wewe unashona mpaka macho yanakuwa mekundu. Nani anamsimamia masomo?"

"Ile ya serikali iko hatua mia mbili kutoka hapa. Mchana anakuja kula kwangu."

"Na darasani wako wangapi?"

Hapo nikajifanya natafuta mkasi.

Nitasema jinsi nilivyojisikia, maana bila hivyo hamtanielewa. Sikuwa napigania elimu. Nilitaka Jaji abaki kwangu. Nyumba yangu ina vyumba viwili, na kimoja kikinyamaza siwezi kukaa katika kile kingine. Hata ile shule binafsi sikuitaka, kwa kuwa basi lao huwachukua watoto alfajiri na kuwarudisha jua limezama, wamelala vichwa upande. Nilitaka ile ya hatua mia mbili. Lakini siwezi kumwambia mwanamume aliyefiwa na mke kwamba binti yake asiende shule bora kwa sababu dada yake anaogopa ukimya. Kwa hiyo nikasema neno la busara.

"Jaji aamue mwenyewe. Azione zote tatu, halafu aamue."

Kaka alinitazama kwa muda. Tumezaliwa tumbo moja, ananijua.

"Sawa. Narudi Jumapili. Fomu ya bweni mwisho wake ni Jumatatu. Lakini usimtie mtoto maneno."

"Mimi?"

"Wewe."

Nikaapa. Na kiapo nilikitimiza, sikumtia mtoto hata neno moja. Nilimvisha sare.

Fikirini wenyewe. Ukimpeleka mtoto shuleni kama mgeni, mnakalishwa ofisini, mnaletewa soda, mnaonyeshwa kikombe walichoshinda mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, mnaagwa. Hajaona kitu. Lakini mtoto mwenye sare ni sawa na dawati, hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Na sare zilikuwa kwenye kamba yangu, za kila shule, za kila kimo, zimepigwa pasi, zinasubiri wenyewe.

Siku nilizichagua mimi. Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Shule ya serikali nilimpeleka Jumatano, siku ya michezo, watoto wakimaliza vipindi viwili wanakwenda uwanjani. Binafsi niliipa Alhamisi, siku yao ya majaribio ya kila mwezi, kuanzia asubuhi hadi jioni. Na bweni nikaiwekea Jumamosi, siku ya kufua na kupiga deki. Niliona nimepanga vizuri sana. Nilijipikia chai nikanywa taratibu.

"Shangazi," Jaji aliniuliza Jumatano asubuhi, nikimfunga vifungo, "hii si ni sketi ya binti wa muuza mkaa?"

"Ni yake. Ataichukua Ijumaa. Usiichafue."

"Huu si udanganyifu?"

"Ni ukaguzi."

Akafikiri, kidevu mkononi. "Sawa," akasema, akaenda.

Alirudi saa nane mchana, vumbi mpaka kwenye kope, soksi moja haipo. Akaketi juu ya kigoda na kutoa ripoti.

"Tulikuwa themanini na wawili. Nimeinua mkono mara tisa."

"Mwalimu akasema nini?"

"Hakuniona. Mara ya kumi aliniona, akaniambia nikafungue dirisha."

"Na michezo?"

"Michezo mizuri. Nimeshinda mbio, halafu nikagundua kulikuwa na mbio nyingine mbili zinaendelea palepale, kwa hiyo sijui nimeshinda zipi. Na kuna msichana amenigawia nusu ya muhogo wake bila kuniuliza jina."

Mimi masikio yangu yalichukua mbio na muhogo. Mkono ulioinuliwa mara tisa niliuacha upite.

Alhamisi akaamka gizani bila kunung'unika. Nilimvisha sweta yenye ukosi mpya wa kijani, ambao shuleni kwenyewe walikuwa nao watoto wachache tu, maana sweta za wengine zilikuwa bado zimo kwenye mashine yangu. Kule binafsi darasa lina watoto ishirini, mgeni anaonekana. Mwalimu alimuuliza yeye ni nani. Jaji akasema yeye ni mpya. Mwalimu akautazama ule ukosi, akasema ofisi haijamwambia kitu lakini ofisi haijawahi kumwambia kitu, akamvutia kiti.

Jioni basi lilimshusha kwenye kona. Alikuja amenyooka, na kifuani ana kibao cha mbao kimening'inia kwa kamba.

"Nini hicho?"

"Ukisema Kiswahili unavalishwa. Unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako akisema Kiswahili, unamvalisha yeye. Kilinifikia saa tatu asubuhi."

"Na hukumpata wa kumpa?"

"Hawasemi kitu, shangazi. Wanaogopa kibao. Wakati wa kula meza nzima kimya, wanaombana chumvi kwa vidole. Mimi kwa kuwa tayari ninacho, ndiye pekee niliyekuwa na uhuru wa kuongea. Nimeongea siku nzima."

"Majaribio je?"

"Magumu. Lakini wana maktaba yenye zulia. Nimemaliza kitabu kizima kabla ya kengele."

Kibao kilikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza, yakisema kwamba aliyekivaa hajastaarabika. Kimetengenezwa vizuri, kimepigwa msasa. Ilinibidi nikirudishe chini kabisa ya kifurushi cha sweta, na nadhani mpaka leo wanashangaa kilipitia wapi. Usiku ule nililala vizuri. Mbili nimezimaliza, nilijiambia, imebaki ya kupiga deki.

Bweni wananipa kazi nyingi kuliko shule zote. Kila baada ya Jumamosi moja nakwenda na mzigo wa magauni yaliyotiwa viraka, napima wasichana waliorefuka, narudi na mzigo mwingine. Wiki ile mzazi mmoja alikuwa ameniletea gauni la binti yake, namba mia moja na kumi na nne, ambaye alikuwa nyumbani anaumwa matubwitubwi. Lilihitaji pindo tu. Nikalifua, nikalipiga pasi mara mbili, nikamvisha Jaji. Lilimkaa kama nililomshonea yeye.

Shule yenyewe iko nyuma ya ukuta mrefu, geti la chuma, mlinzi aliyenizoea hadi haangalii tena ninachobeba. Tuliingia. Wasichana walikuwa wamejaa uani, ndoo, mabomba, povu mpaka kwenye ngazi.

"Kaa na wenzako," nikamwambia Jaji. "Fanya wanachofanya. Nikimaliza kupima tunaondoka."

Nikaingia chumba cha kushonea na tepu yangu shingoni. Nilipima wasichana kumi na mmoja, na kila nilipoandika kifua na kiuno nilikuwa namwona Jaji kichwani, magoti yamechubuka, ananisubiri kwa hamu aniambie shangazi twende nyumbani.

Nilipotoka, nilimkuta ukumbini. Wasichana walikuwa wamepiga magoti kwa safu, kila mmoja na tambara, wanashindana kulisukuma mpaka ukuta wa pili na kurudi, huku mmoja amesimama juu ya ndoo akihesabu. Jaji alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Alikuwa ameloa chapachapa na anacheka. Sijui kama nimewahi kumsikia akicheka vile. Ni mtoto wa wakubwa, amezoea kutabasamu. Nikasema hebu tuondoke upesi.

Nikamshika mkono, tukafika getini. Hapo akatokea matroni. Alikuwa mpya, ana wiki mbili tu kazini, mrefu, daftari kwapani.

"Wewe, geuka," akamwambia Jaji. Akafunua ukosi, akasoma. "Mia na kumi na nne. Umeshapona?"

"Ndiyo, matroni," akasema Jaji.

Mimi nilimwangalia mtoto. Macho makavu.

"Basi unakwenda wapi? Aliyerudi amerudi. Hatoki mtu bila barua ya mzazi."

"Samahani," nikasema, nikacheka kidogo. "Huyu si wa hapa. Ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ni shangazi yake."

Matroni alinitazama kwa uchovu wa mtu aliyeyasikia hayo mara nyingi. "Mama, wewe ni shangazi wa tatu tangu asubuhi. Wa kwanza alikuja na keki."

"Mimi ndiye fundi wa sare."

"Najua. Na nimeambiwa mafundi nao huhongwa."

Maji yalikuwa yamefika shingoni, ikabidi niseme ukweli wote. Nikamweleza habari ya fomu tatu, ya kaka, ya matubwitubwi, ya gauni la watu. Kadiri nilivyosema ukweli ndivyo ulivyozidi kusikika kama uongo wa mtu mvivu. Nikamwambia ampigie mama wa mia na kumi na nne. Akasema simu imo ofisini, ofisi imefungwa, ufunguo anao mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko mkutanoni hadi kesho asubuhi. Kufikia hapo wasichana walikuwa wametuzunguka, kumi, kumi na watano, matambara mikononi.

"Hebu niambieni," matroni akawauliza, "huyu ni mia na kumi na nne?"

Nitawakumbuka wale mabinti. Hawakupepesa macho.

"Ndiye, matroni," akasema yule wa kwenye ndoo. "Mashavu yamenywea tu. Ndiyo maana amebadilika."

"Tumemkosa sana," akaongeza mwingine.

Nikamgeukia Jaji. Nilijua yeye atamaliza mambo. Huyu ni mtoto wa haki, ana sababu tatu za kila kitu.

Matroni akamuuliza, akininyooshea kidole. "Huyu mama ni nani?"

Jaji akanitazama. Akaweka kidevu mkononi.

"Ni fundi wa sare," akasema.

Na mimi nini ningesema? Si kweli? Matroni akafunga geti kwa mkono wake mwenyewe. Mlinzi, ambaye amenywa chai yangu miaka saba, akageuka kutazama ukuta. Nilisimama nje na mzigo wa magauni. Nikaenda mpaka kituoni, nikarudi. Nikaondoka tena, nikafika kwenye kona, nikarudi tena. Nikashika vyuma vya geti nikasikia kengele ya chakula, na baada yake kelele za sahani na za watoto mia mbili wakiongea kwa pamoja. Kisha nikaenda nyumbani.

Simu nilikuwa nayo. Kaka sikumpigia. Niliogopa, nifiche nini.

Jumapili saa mbili asubuhi akaegesha lori mbele ya nyumba. Aliingia na mfuko wa machungwa, akatazama chumba hiki, akatazama na kile.

"Jaji yuko wapi?"

"Yuko shule."

"Leo Jumapili."

"Ndiyo maana nakuambia keti."

Hakuketi. Nilimsimulia amesimama, na machungwa mkononi. Nilipofika kwenye kibao, uso ulimcheza. Nilipofika kwenye matubwitubwi aliuma mdomo. Nilipofika kwenye geti alizichukua funguo zake na kutoka, nami nikamfuata na kanga moja begani, nikapanda lori kwa shida na hakunipa mkono. Njia nzima hakusema kitu ila mara moja.

"Nilikuambia usimtie maneno."

"Sikumtia."

"Nyamaza, dada."

Nikanyamaza.

Mwalimu mkuu alikuwa amerudi. Ni mama wa makamo, mnyenyekevu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alitusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza, na matroni amesimama pembeni daftari kwapani, anazidi kufifia. Kisha akafungua kabati, akavuta faili, akatoa fomu yenye picha ndogo, akaiweka mezani. Ilikuwa picha ya Jaji.

"Huyu si mia na kumi na nne," akasema. "Huyu ameombewa nafasi tangu mwezi uliopita. Tunasubiri tu mzazi athibitishe."

Nikageuka pole pole. Kaka yangu alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kwa makini sana.

"Mwezi uliopita?" nikamuuliza.

"Sikutaka nafasi ipotee."

"Na zile fomu tatu juu ya meza yangu?"

"Ile ya bweni ilikuwa nakala."

Basi ndiyo familia yetu. Mwalimu mkuu alivua miwani akaifuta, na nadhani alikuwa anajizuia kucheka. Akaniambia, "Fundi, jana umeniletea magauni kumi na mawili na mtoto mmoja wa ziada. Hilo tutalizungumza siku nyingine." Kisha akaagiza Jaji aitwe.

Aliingia na gauni lilelile, nywele amesukwa upya, mistari minne iliyonyooka. Si mimi niliyemsuka. Alimsalimia baba yake, shikamoo, akanisalimia na mimi, na hakuonyesha hata chembe ya aibu.

Kaka akachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, nilimwahidi shangazi yako kwamba utaamua mwenyewe, na nimekubali. Umeziona zote tatu. Sema unataka ipi, na nitakayoisikia ndiyo hiyohiyo."

Jaji akaweka kidevu mkononi. Akamwangalia baba yake, akamwangalia mwalimu mkuu, halafu akaniangalia mimi, kwa muda mrefu.

"Ile ya karibu na nyumbani," akasema. "Ya serikali."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Nilishinda. Nilitakiwa nifurahi, na kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kweli, nikaona chumba changu, meza yangu, sumaku ikiokota pini. Kisha nikangoja vidole. Nikangoja kwanza, pili, tatu. Jaji alishusha mkono akauweka nyuma ya mgongo.

Kaka akashukuru, akaomba radhi kwa usumbufu, tukatoka barazani. Tulipokuwa tunateremka ngazi, dirisha la bweni likafunguka juu, akatokeza yule msichana wa kwenye ndoo.

"Jaji, nimewaambia kile kitanda cha juu ni chako, wasikiguse mpaka urudi. Unarudi kesho, si ndiyo?"

Jaji alimfanyia ishara ya mkono, chini chini, ya kumnyamazisha. Nami nimefanya kazi ya sindano miaka yote hii, kitu cha mkono hakinipiti.

"Kaka," nikasema, "tangulia ukawashe gari."

Akatangulia. Nikamvuta Jaji kando ya mabomba ya maji, nikainama mpaka macho yetu yakalingana.

"Sababu zako ziko wapi?"

"Leo sina."

"Jana ulimwambia matroni mimi ni fundi tu, ili ubaki. Leo unasema unataka themanini na wawili na benchi. Nieleze."

Akatazama viatu vyake. Nilidhani atalia, lakini yule si mtoto wa kulia ovyo.

"Jana kulikuwa na mdahalo jioni," akasema. "Nilitaka kuuona. Wakaniacha nizungumze. Nikainua mkono mara moja tu, shangazi, mara moja, na wote wakageuka wakanisikiliza."

"Sasa?"

"Sasa nilikuwa dirishani ulipoondoka. Ulirudi getini mara mbili. Mara ya pili ulikaa mpaka chakula kikaisha. Nilihesabu, kwa sababu sikula. Nani atakaa na wewe?"

Nimejibu wateja wakali, nimejibu maafisa wa leseni, nimemjibu matroni. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ananidanganya usoni, mbele ya watu, kwa utulivu mkubwa, na uongo huo ameujifunza kwangu, na alikuwa anautumia kunibeba mimi. Nilisikia uchungu hadi kwenye meno. Nikamfuta povu lililokuwa halipo shavuni, ili mikono ipate kazi.

"Mimi nina kazi nyingi," nikamwambia. "Ukiwapo hunichelewesha tu."

"Unadanganya."

"Nadanganya. Twende."

Nikamshika mkono tukapanda ngazi tena. Kaka alituona kupitia kioo cha lori, akazima injini, akaja mbio akidhani nimeanza vurugu nyingine. Mwalimu mkuu alikuwa bado hajairudisha faili kabatini. Nikaichukua mimi mwenyewe kutoka mkononi mwake, jambo ambalo si la adabu, nikaifungua mezani mahali penye mstari wa saini ya mzazi, nikachomoa kalamu kwenye kikombe chake nikampa kaka yangu.

"Anataka hapa," nikasema. "Alichosema mwanzo alikisema kwa ajili yangu."

Kaka akamwangalia binti yake. Vidole vya Jaji vilikuwa vimeanza kutoka nyuma ya mgongo, kimoja, kisha cha pili.

"Dada," kaka akasema kwa sauti ndogo, "wewe una hakika?"

"Sina," nikamwambia. "Saini upesi."